Tucheze Wawili: "Nikimwambia umekosea stepu, ananuna"

Habari zenu wapenzi wasomaji, na shikamooni wakubwa zetu. Mwezi huu barua zimekuwa nyingi kweli, mume wangu alisema tuchague tatu tu mi nikakataa, tumeishia tano, kwa hiyo nyingine nimejibu kwa urefu na nyingine kwa kifupi. Kwa yule ambaye ndo anakutana na ukurasa huu kwa mara ya kwanza, sisi ni mume na mke, tunafundisha dansi la wawili hapa Dar, jioni mara mbili kwa wiki kwenye ukumbi wa kukodi, na wanafunzi wetu wote ni wanaoanza kabisa, wale ambao harusini muziki ukianza wanahamia kiti cha karibu na mlango. Tunafundisha rumba, cha-cha, waltz na salsa ya mwanzo, na huu ni mwaka wetu wa 11. Ninayeandika ni mimi mke, mume wangu anasoma na kuongezea, pale alipoongezea nitasema.

SWALI: Mimi na mchumba wangu tunafunga ndoa baada ya wiki sita. Kamati imeshapanga kwamba sisi ndo tutafungua muziki ukumbini na mimi nataka tucheze kweli, sio kusimama tunayumba. Shida mwenzangu anasema mwili wake mgumu. Tunajaribu sebuleni kwa video za kwenye simu, nikimwambia umekosea ananuna, ananiuliza kwani we ndo mwalimu? Juzi tulilala bila kuongea. Tufanyeje? – Bibi harusi mtarajiwa, Dodoma

JIBU: Mdogo wangu hongera kwanza. Alafu nikwambie ukweli, hiyo barua yako ningeweza kuiandika mimi mwenyewe miaka tisa iliyopita, na nitakwambia kwa nini.

Kwenye darasa letu kuna sheria moja ambayo hatuilegezi kwa mtu yeyote, hakuna kumrekebisha mwenzio. Mguu wake ni wake na wako ni wako. Stepu ikigoma unanyoosha mkono, mwalimu anakuja, anaangalia, anasema yeye. Watu wanashangaa wanasema sasa nisipomwambia atajuaje? Atajua. Mtu anayeanza kucheza kichwani ana kazi tatu kwa wakati mmoja, asikie muziki, akumbuke mguu gani unafuata, na asimkanyage mwenzie. Ukimuongezea ya nne, yaani kujitetea mbele ya mtu anayempenda, moja kati ya zile tatu lazima idondoke, na mara nyingi inayodondoka ni ya kusikia muziki, ndo maana ukishamsema tu anakosea zaidi na we unaona kama anafanya makusudi.

Na kuna jambo jingine ambalo watu hawalijui, dansi la wawili kosa linaanzia kwa mmoja linaonekana kwa mwingine. Anayeongoza asipohamisha uzito wake wote kwenda kwenye ule mguu aliokanyagia, anayefuata hana njia ya kujua wanaelekea wapi, anachelewa, na ukimtazama kwa nje unaona yeye ndo kachelewa. Kwa hiyo nusu ya zile "umekosea" ulizomwambia inawezekana hata sio zake, na zake alizokwambia inawezekana sio zako.

Sasa hadithi yangu. Mwaka wetu wa pili wa kufundisha tulikuwa tunaonyesha stepu ya kugeuka mbele ya darasa, mume wangu akasema "mke wangu umechelewa", kwa sauti ya kawaida kabisa wala hakunifokea, na mi nikamjibu palepale "hujaniongoza". Tukaendelea. Lakini ndani ya wiki mbili nikaanza kuzisikia zile sentensi mbili kila kona ya ukumbi, umechelewa, hujaniongoza, umechelewa, hujaniongoza, wanafunzi walikuwa wameichukua ile stepu na ule ugomvi kwa pamoja. Kulikuwa na baba na mama mmoja watu wazima, walikuwa wanakuja wameshikana mikono toka kituoni, wakaacha kuja. Nikakutana na yule mama sokoni akaniambia, mwalimu, nyumbani tunagombana bure, sasa kwako tunalipia. Nilirudi nyumbani nikalia, nikamwambia mume wangu hili ni letu sisi, sio lao. Toka siku hiyo ikiharibika tunasimama wote wawili tunasema neno moja, "tunarudia". Hatusemi nani. Hilo neno ndo nataka mlichukue nyumbani kwenu, mkikwama yeyote anasema tunarudia, mnaanza upya, basi.

Kuhusu wiki sita, zinatosha kabisa msipotaka makubwa. Zile video ziacheni kwanza, maana mwalimu akiwa amekutazama kulia kwake ni kushoto kwako na kwa anayeanza hiyo peke yake ni vita. Wiki ya kwanza tembeeni tu. Wekeni wimbo wenu, mshikane mikono mkiwa mmesimama sambamba kama watu wanaoenda dukani, mtembee sebuleni mguu mmoja kwa kila biti, mkifika ukutani mgeuke. Mchumba wako anayesema mwili wake mgumu utashangaa anatembea vizuri, kwa sababu kutembea anajua toka ana mwaka mmoja, na dansi la wawili asilimia kubwa ni kutembea. Wiki ya pili mtazamane, mkono wake wa kulia mgongoni kwako chini kidogo ya bega, sio kiunoni, maana akikushika kiunoni anakuvuta na akikushika mgongoni unasikia kifua chake kinaelekea wapi. Mtembee hivohivo, yeye mbele wewe nyuma, alafu pembeni kwa pembeni. Wiki ya tatu ongezeni kugeuka pole pole mkiwa mmeshikana. Ya nne ongezeni ule mzunguko mmoja anaokupitisha chini ya mkono wake, mmoja tu, wageni watapiga vigelegele kwa huo huo mmoja. Wiki mbili za mwisho msiongeze kitu, rudieni mwanzo na mwisho, namna mnavyoingia na namna mnavyomaliza, kwa sababu hapo ndo picha zinapigwa na hapo ndo watu wanaduwaa hawajui wafanye nini na mikono.

Mambo madogo ambayo yameharibu dansi nyingi nikiwa naangalia. Wimbo, angalieni msije mkasema mnataka waltz juu ya wimbo wa bongo fleva, waltz inahesabiwa tatu na bongo fleva karibu zote zinahesabiwa nne, hamtapatana nao hata mfanye mazoezi mwaka mzima. Mwambieni dijei aukate wimbo, dakika mbili zinatosha sana. Gauni, kama lina mkia muulize fundi aweke kitanzi cha kuushikilia juu, na fanya mazoezi umevaa sketi ndefu na viatu vilevile vya siku hiyo. Mume wangu anaongezea kwamba bwana harusi avae vile viatu vipya nyumbani angalau siku tatu, soli mpya kwenye tailizi za ukumbi inateleza na yeye atakuwa amekushikilia wewe.

SWALI: Ni mzee wa miaka 63, mstaafu. Ujanani nilikuwa mtu wa dansi sana, Sikinde, Pambamoto, tulikuwa hatulali. Nataka nirudi nimchukue na mama watoto maana toka watoto waondoke nyumba imekuwa kimya. Yeye anasema magoti yanamuuma na aibu pia, anasema dansi ni la vijana. Hiyo rumba mnayofundisha ni ileile au imebadilika? – Baba, Morogoro

JIBU: Shikamoo baba. Barua yako tumeisoma kwa sauti mara mbili mezani. Wewe uko Morogoro, mji uliotupa Salum Abdallah na Cuban Marimba yake, na Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, alafu unatuuliza sisi kama rumba ni ileile? Wewe ndo wa kutufundisha.

Lakini hebu tumwambie mama kitu kuhusu hiyo ya kwamba dansi ni la vijana. Dansi la wawili hapa kwetu lina umri wa babu zetu. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, na kwenye vilabu vya dansi vya miaka hiyo watu walikuwa wanacheza waltz, foxtrot na rumba wamevaa suti. Toka miaka hiyohiyo ya 30 zikaanza kuingia santuri za mfululizo ulioitwa GV zenye nyimbo za Kuba, zikasambaa Afrika nzima, Kongo wakaichukua ile rumba wakaifanya yao, sisi tukaichukua tukaifanya yetu, kila bendi na mtindo wake, Western Jazz na Saboso, Vijana Jazz na hiyo Pambamoto yako, Maquis na Kamanyola, NUTA Jazz ya mwaka 1964 ambayo mpaka leo watu wanaijua kwa jina la Msondo, na Mlimani Park mwaka 1978 na Sikinde. Mwaka 2021 UNESCO wakaiandika rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, baada ya kuombwa na Kongo zote mbili kwa pamoja. Sasa kitu ambacho dunia nzima inakitunza kama urithi mama anakionea aibu kwa nini, na yeye alikuwepo?

Kuhusu kubadilika, muziki wenyewe umbo lake ni lilelile unalolijua, mwanzo mwimbaji anasimulia pole pole, mnacheza mmeshikana, alafu linakuja chemko, gita la solo linashika usukani, watu wanaachana kila mtu anacheza peke yake. Kilichobadilika ni kwamba vijana wengi siku hizi wanajua chemko tu, ile sehemu ya kwanza hawaijui, wakishikwa mkono wanasimama kama wamepigwa picha. Na hiyo sehemu ya kwanza ndo tunayofundisha sisi.

Kwa magoti ya mama ni habari njema kabisa, maana sehemu ya kwanza ya rumba haina kuruka wala kuchuchumaa, miguu haiondoki mbali na sakafu, nyonga zinafanya kazi kubwa na goti linakunjika kidogo tu. Achezee viatu vya chini au visigino vifupi vipana, wimbo mmoja akae, wimbo mmoja acheze, na chemko likiingia asimame mahali pamoja achezeshe mabega, hakuna atakayemuuliza. Waltz tungemwambia asubiri kwanza, ina kupanda na kushuka ambako goti linaumia, na kama goti linavimba aonane na daktari kabla ya yote.

Lakini baba nikuombe jambo moja, kwa heshima. Wewe unajua na yeye amesahau au hakuwahi kujifunza vizuri. Usimfundishe. Najua itakuwa ngumu, ukimuona amekosea Sikinde mkono utakuwasha, nyamaza, mshike tu mcheze, nyimbo tatu kila jioni baada ya chakula, taa ikiwa hafifu kama anaona aibu. Mwezi mmoja tu. Akikuuliza mwenyewe "hivi hapa tulikuwa tunafanyaje", hapo ndo ujibu.

SWALI: Mimi na bibi yangu tumejiunga na klasi ya salsa hapa Nairobi. Shida ni kwamba kila baada ya dakika chache mwalimu anasema badilisheni wenza, naona bibi yangu anashikwa na wanaume kumi kwa jioni moja. Yeye anasema ni kawaida na mimi ndio mwenye shida. Nimekosea? – Mume, Nairobi

JIBU: Kaka hujakosea kuuliza, na yeye hajakosea kusema ni kawaida. Kubadilishana wenza ni utaratibu wa madarasa ya salsa karibu kila mahali duniani na una sababu nzuri. Ukicheza na mtu mmoja tu mnazoea makosa yenu, yeye anajua ukiinua bega maana yake unataka kumgeuza, anageuka kabla hujamuongoza, wote mnadhani mmejua kumbe mmekariri. Ukishika mkono wa mtu mwingine asiyekujua ndo unagundua kwamba hujawahi kuongoza hata mara moja. Wanaobadilishana wanaelewa haraka zaidi, hilo tumeliona kwa macho yetu miaka yote hii.

Lakini kuelewa haraka sio kitu peke yake. Sisi hapa kwetu tuna wanafunzi wa kila namna, wapo wa dini hii na ile, wapo waliooana juzi, wapo ambao kumruhusu tu mke au mume aje ilikuwa vikao. Kwa hiyo kabla ya kuanza tunasema wazi, anayetaka kubadilishana asimame kwenye duara, anayetaka kubaki na wake abaki pembeni na wake, na hakuna wa kumuuliza kwa nini. Wengi wanaoanza pembeni baada ya wiki tatu nne wanaingia wenyewe kwenye duara, wengine hawaingii mpaka kozi inaisha na wanacheza vizuri tu. Mwombe mwalimu wenu ruhusa hiyo, mwalimu mzuri hatakataa.

Alafu mume wangu anataka nikuongezee hili kama mwanaume kwa mwanaume. Anasema yeye anashika mikono ya wake za watu kila Jumanne na Alhamisi, na mi nashikwa na waume za watu, na kilichotusaidia sio kujikaza, kilichotusaidia ni kwamba wimbo wa kwanza na wa mwisho wa kila jioni ni wetu sisi wawili. Wimbo wa mwisho tukishamaliza kazi tunacheza wenyewe wanafunzi wakiwa wanavaa viatu. Ongea na mkeo mkubaliane hivo, wa kwanza na wa mwisho ni wenu, na muulize bila hasira kama kuna mtu darasani anayemshika vibaya, maana hilo nalo hutokea, na likitokea ni la kumwambia mwalimu siku hiyohiyo sio la kuvumilia.

SWALI: Mwalimu anasema "anza kwenye moja" mimi siisikii hiyo moja, nasikia muziki wote kwa pamoja. Nina kasoro? – Kijana, Tanga

JIBU: Huna kasoro mdogo wangu. Acha kusikiliza mwimbaji, mwimbaji anaingia na kutoka anavyotaka. Sikiliza gita la besi, au kama ni salsa sikiliza tumba na piano, tafuta mahali ambapo muziki unarudi nyumbani, pale unapoona kichwa kinataka kutikisika chenyewe kwa nguvu zaidi. Piga kofi hapo, hesabu mpaka nne urudi. Fanya ukiwa kwenye bodaboda, ukiwa unaosha vyombo, popote bila kucheza, wiki moja tu. Kwa salsa utahesabu mpaka nane, unakanyaga moja mbili tatu, nne unanyamaza, tano sita saba, nane unanyamaza, na hapo kwenye kunyamaza ndo wanaoanza wote wanapotea kwa sababu mguu unataka kazi. Usiupe.

SWALI: Sisi ni mume na mke tuko Mwanza, tunacheza salsa na rumba toka tukiwa chuo, watu wanatuomba tuwafundishe. Tunaogopa kidogo, marafiki wanasema kufanya kazi na mwenza kunavunja ndoa. Nyie mmewezaje na tuanzie wapi? – Wawili wa Mwanza

JIBU: Karibuni sana, Mwanza panahitaji. Kwanza niwaambie hamjaanza nyie wala hatujaanza sisi, mume na mke kufundisha dansi ni kazi ya zamani. Kule Marekani walikuwepo Vernon na Irene Castle, walioana mwaka 1911, mwaka uliofuata wakapata jina Paris kwa kucheza kwenye mgahawa, wakarudi New York wakafungua shule yao. Walikuwa wanapigiwa na bendi ya James Reese Europe, mwanamuziki mweusi, kipindi ambacho ubaguzi ulikuwa mkali na wengi wasingethubutu kusimama naye jukwaani, na hao watatu walichangia sana foxtrot kuenea. Ilikuwa safari fupi, Vernon alikufa mwaka 1918 kwenye ajali ya ndege akifundisha marubani. Mwaka 1914 walikuwa wametoa kitabu cha kufundisha na ndani yake kuna makatazo, usitikise mabega, usitikise nyonga. Hapo mi nawapinga kwa moyo wote, rumba yetu bila nyonga imebaki nini? Lakini walikuwa wanajaribu kuwashawishi watu waliokuwa wanaona dansi ni uhuni, na hilo mtakutana nalo hata huko Mwanza, kwa hiyo nawaelewa.

Baadaye akaja Arthur Murray ambaye alijifunza kwa hao hao akina Castle. Huyu aliuza masomo ya dansi kwa posta, unatumiwa karatasi zenye umbo la nyayo unazipanga sakafuni unakanyaga. Mke wake Kathryn ndo aliyekuwa mtangazaji wa kipindi chao cha televisheni toka 1950 mpaka 1960. Niwaambie tu sisi tulijaribu hizo nyayo, tulichora kwa chaki ukumbini mwaka wetu wa kwanza. Zinasaidia mtu akiwa peke yake nyumbani. Darasani zilitushinda, kila mtu aliinamisha kichwa kutafuta nyayo, akiinama kichwa mgongo unapinda, mgongo ukipinda mwenzio hasikii kifua chako kinaelekea wapi, tukawa na watu ishirini wanaangalia sakafu hakuna anayemwangalia mwenzie. Tukafuta chaki.

Sasa ndoa. Marafiki zenu hawajasema uongo wote, kazi hii inaweza kuvunja, kwa sababu mnasimama mbele ya watu na makosa yenu. Ile sheria niliyomwandikia bibi harusi wa Dodoma hapo juu iwabane nyie kabla haijawabana wanafunzi. Mkikosea mbele za watu mnasema tunarudia. Kama kweli kuna jambo la kuambiana basi sio njiani kurudi nyumbani, njiani mnakuwa na njaa na mmechoka, sisi tunaongea kesho yake asubuhi kwenye chai na mara nyingi ikifika asubuhi hakuna hata la kuongea.

Gawaneni kazi kwa kinachoonekana, msigawane kwa nani anajua zaidi. Kwetu mimi nashika muziki na kuhesabu, yeye anashika kuzunguka na kuangalia miguu, na baada ya nusu saa tunabadilishana. Kila mmoja ajifunze kuongoza na kufuata, wote wawili, hilo msiliruke. Mimi naongoza, mume wangu anafuata, kwa sababu darasani atakuja mama peke yake hana mwenza na atakuja kijana peke yake, na mkiwa mnajua upande mmoja mmoja mtawafundisha nini? Na ukishafuata ndo unaelewa kwa nini mke wako alikuwa anachelewa. Mume wangu anasema siku ya kwanza aliyofuata mimi nikiongoza aliniomba msamaha wa miaka miwili, na aliniruhusu niandike.

Hela wekeni wazi mapema, nani anapokea, inaenda wapi, kodi ya ukumbi inatoka kabla ya kitu kingine chochote. Anzeni na watu wachache, jozi sita hivi mnaziweza, zaidi ya hapo hamtawaona wote miguu. Sakafu ya terazo au tailizi inateleza, waambieni waje na raba zilizolika kidogo soli, zege tupu linakula viatu na magoti. Spika moja nzuri ni bora kuliko mbili za kukoroma, besi isiposikika wanaoanza hawana pa kushika.

Na siku ya kwanza msicheze. Hili tulichelewa kulijua. Mtatamani kufungua darasa kwa kuwaonyesha mlivyo wakali, mnacheza wimbo mzima mnazunguka watu wanapiga makofi, alafu mnasema haya na nyie njooni, mmeshawapoteza. Yule aliyekuja na hofu yake ameangalia ule mzunguko ameshaamua moyoni kwamba haya sio yake, atajaribu jaribu kwa adabu na wiki ya pili hatarudi. Sisi siku ya kwanza tunaingia tumevaa kawaida, tunawaambia watu watembee ukumbini na muziki, tunatembea nao, na kabla ya nusu saa kuisha kila mtu mle ndani ameshacheza bila kutangaziwa kwamba ameanza. Kucheza kwenu waonyesheni wiki ya nne, hapo wataangalia kwa macho ya watu wanaojua nini kinafanyika.

Alafu darasa lenu la kwanza likifika wiki ya pili mtuandikie, mtuambie wangapi waliokuja mwanzo wamerudi na wangapi hawajarudi, na wale ambao hawajarudi kama mna namba zao wapigieni simu muwaulize kwa upole. Sisi yule mama wa sokoni tulimfuata. Walirudi, ilichukua miezi minne.